Kilio cha Baba wa Redioni

Nianze na kile kilio, maana bila kilio huyu angekuwa mzee kama wazee wengine wa Uyole, mrefu, koti la kijivu, maneno machache. Kwanza alivuta pumzi kwa pua, mara mbili, harakaharaka. Kisha akanyamaza. Kile kimya ndicho kilichokuwa kinaua watu, ukikisikia tu mbavu zinaanza kukuuma. Halafu ndipo sauti ikatoka, nyembamba, isiyofanana kabisa na mwili ule: "Iiiii, jamani, nimekwisha mie!" Kuanzia Iringa mpaka Tunduma walikijua. Ukimtajia mtu bei ya viazi pale Mwanjelwa, alikujibu kwa kilio hicho na soko zima likacheka.

Alikuwa Baba. Katika mchezo wetu wa redio yeye ndiye baba wa familia, na jina jingine hakupewa. Mwongo, mwoga, mroho wa nyama, anamwogopa mkewe kuliko polisi. Kila wiki anatunga uongo, kila wiki mkewe anamfuma, kila wiki analia. Mimi nilikuwa Dada, msichana wa kazi, na kazi yangu ilikuwa kuropoka ukweli bila kujua. "Baba, ile nyama uliyosema imeliwa na paka, niipashe?" Hapo pumzi mbili, kimya, kilio, muziki. Jumapili saa kumi na moja jioni watu waliacha kuku wakiungua ili wasikose hayo.

Redio yenyewe siitaji, haipo tena. Studio ilikuwa Iringa, chumba kimoja chenye bati, na mvua ikinyesha tulikuwa tunaacha kurekodi mpaka iishe. Kwa hiyo mvua zote mlizozisikia kwenye mchezo wetu zilikuwa maharage kwenye ungo. Baridi ya Julai ilipobana, familia nzima ya redioni ilijifunika mablanketi, na Mama wa redioni alimkaripia mumewe huku amevaa soksi mbili mbili. Katikati ya chumba tulikuwa na mlango. Mlango na fremu yake, kitasa, komeo, umesimama peke yake bila ukuta. Huo ulikuwa kila mlango: wa nyumbani, wa ofisini, wa kanisani, wa choo.

Mlango nilikuwa naufunga mimi, na yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mkali, haki ya Mungu. "Binti, huyu anaondoka kwa hasira, mbona umemfungia kama anakwenda kununua chumvi?" Kulikuwa na mlango wa mwizi, mlango wa mgeni, mlango wa mtu asiyerudi tena. Wa mtu anayerudi kesho ulinishinda. Komeo unaliachia polepole, na mkono unabaki kidogo juu yake, hivyo alisema. Niliurudia mara ishirini siku moja mpaka Mama wa redioni akasinzia.

Na kuigiza pia nilikuwa sijui. Alinieleza wiki ya kwanza, mbele ya wote, bila kupunguza: "Sauti yako ikidanganya inajua kwamba inadanganya. Msikilizaji anaisikia." Ndiyo sababu mtunzi alinipa maneno ya kweli tu. Nilinuna, lakini alikuwa sahihi. Nilichukuliwa kwa lafudhi yangu ya Kihehe iliyowachekesha, si kwa kipaji.

Sasa hapa ndipo watu walipochanganyikiwa. Huyu bingwa wa uongo, nje ya studio hakudanganya hata kidogo. Sisemi hivi kwa kuwa amefariki, maana marehemu hupambwa na huyu hapambiki. Sote tukiulizwa habari za asubuhi tunasema nzuri, hata kama nyumba imeungua jana. Yeye alijibu, "Mbaya. Mgongo unauma." Basi, wewe umesimama hapo hujui uendelee vipi. Baadaye, nilipohamia kwao Uyole, jirani yetu alitoka hospitali, tukaenda kumwona, kila mtu anamwambia umenawiri, unaendelea vizuri. Yeye akamtazama, akasema, "Umekonda sana. Rudi." Mke wa mgonjwa hakumsalimia mwaka mzima, ingawa mgonjwa alirudi, na ndiyo kupona kwake. Nilimuuliza mara moja kwa nini hawezi kusema kauongo kadogo ka adabu, kama binadamu wenzake. "Uongo wangu wote naumalizia kule," alisema. "Wa nyumbani haubaki."

Niliolewa na mtu wa kituo cha utafiti wa kilimo, nikahamia Uyole, na nyumba ikatokea kuwa ya pili kutoka kwake. Ikawa kila Jumatano tunapanda basi pamoja kwenda Iringa kuwa familia, Ijumaa tunarudi Mbeya kwenye familia zetu. Hapo ndipo nilipomjua mkewe. Mkewe wa kweli, nasema, mwuza ndizi na viazi kando ya barabara kuu. Mnyakyusa wa sauti, salamu yake ya "Ugonile!" aliisikia dereva wa lori akiwa bado hajafika mteremkoni. Alicheka kwa mwili mzima. Ukimwona pembeni ya yule mume unajiuliza nani aliwakutanisha.

Jumapili moja nilipita kwao wakati wa mchezo. Mzee alikuwa nje, amekaa ukutani, koti limefungwa mpaka shingoni. Mkewe alikuwa jikoni na redio.

"Karibu, mwanangu, ingia. Mume wangu anaongea."

"Si yuko nje, mama?"

"Yule? Yule ni koti." Akagonga redio kwa mwiko. "Wangu yuko humu."

Tukasikiliza. Ilipofika kwenye kilio alicheka mpaka akashika meza, machozi yakamtoka. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge, na uso ukabadilika. "Yule wa nje wiki nzima hajaniambia neno isipokuwa nipe chumvi," alisema. "Huyu wa humu kila Jumapili ananiomba msamaha." Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na ukuta aliokalia mzee haukuwa mbali. Sina shaka alisikia.

Jumatano ndani ya basi nikajitia ujasiri. "Baba, kwa nini huongei nyumbani?"

Alitazama nje mpaka tukapita Igurusi. 

"Nikiongea anacheka," alisema. "Nilimwambia nina homa, akacheka. Nilimwambia mama yangu amekufa, akacheka kwanza, halafu ndiyo akalia. Hana kosa. Sauti ni ileile. Kwa hiyo nanyamaza."

Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike kuhusu huyu mzee. Alikuwa na sauti moja, na aliitoa yote kazini. Mimi wakati ule niliona ni maneno ya mtu mgumu anayetafuta kisingizio, nikafungua karanga zangu nikala.

Halafu ukaja ule msiba. Mama wa redioni, mwalimu wa pale Iringa, alimfuata mumewe Tanga, na mtunzi hakutaka kutafuta sauti nyingine. Akaamua mama afe. Tulipofika sehemu ya Baba kuambiwa, msimamizi akamwomba abadilishe kilio, watu wasije wakacheka. Akakataa. "Baba ana kilio kimoja," alisema. "Akiwa na viwili, kimoja ni cha uongo." Akavuta pumzi mbili, akanyamaza, akalia vilevile kama siku zote. Jumapili ile ilipotangazwa hakuna aliyecheka. Nilimwona fundi baiskeli wa Uyole ameinamia gurudumu, mabega yanamtikisika, analia kama mtoto.

Kesho yake asubuhi wakaja. Jamani, sijui nchi nyingine wanafanyaje, ila sisi huku tukisikia msiba tunakwenda. Wakaja na unga, maharage, mikungu ya ndizi, kuni kichwani. Wengine walitoka Igawilo kwa miguu. Wakatandika mikeka kwenye uwanja wa yule mzee, wakakaa matanga ya mtu ambaye wakati huo alikuwa Tanga anasahihisha madaftari.

Na mkewe akawapokea! Alifagia uwanja, akaweka sufuria kubwa tatu, akapokea pole. Mama mmoja akamshika mkono, "Pole sana, mwanangu. Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mimi ni mdogo wake," akajibu.

Nilikuwa pembeni yake namenya viazi, nikauma midomo. Lakini yeye hakucheka. Alikaa mkekani na wenzake, na baadaye nikaona naye analia, kwa nini sijui, labda kwa sababu kila mtu alikuwa analia. Mzee ndipo akatoka nje na koti lake. "Hakuna aliyekufa," alitangaza. "Ule ni mchezo. Yule mama yuko Tanga, mzima."

Mzee mmoja wa makamo yake akainua uso. "Tunajua, baba," alisema kwa upole. "Lakini tumekuja."

Wakala, wakaimba mapambio mawili, wakaondoka mchana. Tunaosha masufuria, mkewe akaniuliza, "Hivi nikifa mimi, watakuja wengi hivi?" Nikamwambia, ebo, mama, acha maneno hayo. Aliendelea kusugua.

Walikuja wengi kuliko wale. Hiyo ilikuwa miaka mingi baadaye, mchezo umekwisha, redio imefungwa. Ugonjwa ulimmaliza yule mama taratibu, sauti ndiyo iliyotangulia kupotea, na nyumba ile ikawa na watu wawili wasioongea. Siku ya mazishi ilikuwa mchana wa Agosti, jua kali na upepo wa vumbi. Mzee hakuwa amelia hospitali. Hakulia kanisani. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi akiwa na udongo mkononi, na mimi nilikuwa nyuma ya binti yake wa pekee, tumeshikana. Udongo ukagonga jeneza. Nikamsikia anavuta pumzi kwa pua, mara mbili.

Mwili wangu ulijua kabla yangu. Kikaja kimya. Kikaja kilio.

Nilicheka. Nalisema wazi ili nisizungukezunguke: mimi ndiye niliyeanza. Nilijiziba kwa khanga, lakini kilikuwa kimekwisha toka, na kicheko kinapita haraka kuliko moto kwenye nyasi kavu. Wanawake wakaanza kutikisika. Wanaume wakatazama viatu. Mchimba kaburi aliegemea jembe akageuza mgongo. Mchungaji akakiinua kitabu chake juu mpaka tusimwone uso. Mzee aliishia katikati ya "nimekwisha". Hakulimalizia lile neno.

Binti yake akageuka akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

Matanga yalipoanuliwa, tuko tunakunja mikeka, alimfuata baba yake. "Hata kwa mama? Hata kwa mama umeshindwa kuacha mchezo?" Kama mzee angesema, mwanangu, nililia kweli, mambo yangeishia pale. Sisi tuliokuwa pale tulikuwa tunamngojea aseme. Alikunja mkeka wake, akaukunja tena, akaingia ndani. Binti akarudi Makongolosi, ana duka la vifaa vya wachimbaji wa dhahabu, makarai, sepetu, tochi, na hakuja tena Uyole.

Nami nilinyamaza. Ningeweza kusema, kosa ni langu, mwanangu, mimi ndiye niliyecheka, watu wamenifuata mimi. Sikusema.

Na kama vile haitoshi, kile kilio kikafufuka. Kanda zetu zote zilikuwa zimefutwa, zikarekodiwa juu yake mahubiri na bei za mazao, kazi ya miaka yetu yote imekwenda. Kikabaki kipande kimoja, sekunde chache, sijui nani alikitunza, na vijana wa Mwanjelwa wakakiweka kwenye simu kiwe mlio. Unanunua nyanya, mfuko wa mtu unavuta pumzi mbili, unanyamaza, unalia. Vijana wenyewe hawamjui mwenye sauti. Mzee akipita sokoni kilio chake kinamwita kushoto na kulia, naye anapita tu. Mpaka Makongolosi kikafika. Binti alinipigia, "Mama mdogo, leo amelia hapa kaunta mara nne."

Mzee alipoanza kuumwa, mimi ndiye niliyempigia. Nikamwambia, baba yako hali si nzuri, njoo. "Aseme," alijibu. "Sitaki maelezo. Aseme neno moja tu, kwamba siku ile alilia kweli. Akisema, napanda gari siku hiyohiyo."

Niwaambieni mapema kwamba alikuja, lakini alikuja kuzika. Kabla ya ibada mchungaji alitangaza simu zote zizimwe, na kila mtu alijua kwa nini. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyelia. Binti alisimama pale mikono mfukoni, na mimi sikuthubutu kumsogelea.

Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea mzee uji. Ilikuwa asubuhi, mvua imeacha, chumba kina baridi, na amelala na koti lake ndani ya blanketi. Sikumuuliza habari, nilijua atanijibu. Nilimpa uji vijiko vitatu, akakataa cha nne. Nikamweleza alivyosema binti, neno kwa neno.

"Sema, Baba. Nampigia sasa hivi, unasema, anakuja. Ni neno moja."

"Ni la kweli?"

"Mimi nitajuaje?"

"Ulikuwepo." Akanigeuzia uso. "Zile pumzi. Zilikuwa mbili?"

"Mbili."

"Na kimya kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, Baba."

"Mtu anayelia hahesabu," alisema. "Mimi nilijisikia nahesabu. Moja, mbili, ngoja. Mke wangu yuko chini pale, na mimi nahesabu. Halafu ukacheka. Miaka yote studio ulikuwa unacheka mapema, tunakata, tunaanza upya. Siku ile ulicheka mahali pake kabisa."

Nilikuwa nimeshika bakuli, nikaliweka chini. Kumbe miaka yote alijua ni mimi. Nikaanza kumwomba msamaha, akainua mkono.

"Labda mtu mwenye kilio kimoja analia hivyohivyo hata akilia kweli," alisema. "Nimefikiri sana. Labda. Lakini labda siwezi kumpa mtoto wangu." Akapumzika. Kifua kilikuwa kinapanda kwa shida. "Nilimpenda yule mama. Hilo nalijua. Kile kilio ndicho sikijui. Wewe ulikuwa karibu, binti. Niambie. Nililia, au niliigiza?"

Nilimkumbuka mama wa watu, anagonga redio kwa mwiko. Nikazikumbuka zile pumzi, mbili, sawasawa, zilivyopangwa. Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyesimama naye studio miaka yote ile, na mimi sijui. Mpaka leo sijui. Lakini simu ilikuwa mfukoni mwangu na Makongolosi si mbali.

"Ulilia, Baba," nikasema. "Ulilia kabisa. Kila mtu aliona."

Alinitazama. Hakukasirika, na naomba niseme hata macho yalikuwa na huruma.

"Unaigiza vibaya, binti," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

Akageukia ukutani. Akaniambia nifunge mlango nikitoka, baridi inaingia. Nikachukua bakuli, nikatoka. Niliuvuta taratibu, nikaliachia komeo polepole, nikauacha mkono wangu juu yake kidogo, mlango wa mtu anayerudi kesho. Nikasimama pale nje na uji uliopoa.

"Na mlango pia," akasema kutoka ndani.